Mimba miezi 7, na binti anadai gauni

Jamani, binti yangu wa miaka 4 anataka gauni kabla mdogo wake hajazaliwa. Kitambaa cha pamba ninacho, ila kukatia sakafuni siwezi tena, tumbo linagoma. Nishone nini chepesi?

— Achana na gauni, dada. Sketi ya lastiki: kipande kimoja, upana mara mbili ya kiuno chake, lastiki ipungue kiuno sentimita 3 hivi. Fua kitambaa kwanza, pamba hunywea.

— Katia mezani, umesimama. Mimi nilishona mshono mmoja kila mtoto akilala. Siku 4 nzima, na upindo ulikwenda upogo.

— Asanteni, sketi imepita! Mabaki kashayafanya blanketi la mwanasesere. Vifungo vyangu kavificha, sijui wapi.