Naomba ushauri: Tulinganisheje rekodi za mabingwa wa tenisi wa enzi tofauti?
Ndugu zangu, naandaa makala kuhusu mabingwa wa tenisi, nami naomba ushauri wa namna ya kulinganisha rekodi zao kwa haki. Novak Djokovic ana mataji makubwa 24, yaani ya yale mashindano manne makuu ya kila mwaka (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani), na Rod Laver ana 11. Lakini Laver, aliyeyatwaa yote manne mwaka 1962 na tena mwaka 1969, alizuiwa kushiriki kuanzia 1963 hadi 1967 kwa sababu tu alikuwa mchezaji wa kulipwa, kwani mashindano hayo yalianza kuwapokea wa kulipwa mwaka 1968. Kumpima kwa idadi pekee naona ni kumdhulumu. Björn Borg naye, mwenye 11, alicheza Australia mara moja tu. Je, nitumie uwiano wa mashindano aliyoshinda mchezaji na aliyoshiriki, au kipimo hicho kitawapendelea waliostaafu mapema?