Mrejesho: Nimechagua useremala badala ya uhasibu
Niliwaomba ushauri kama niache nafasi ya kusomea uhasibu niliyopangiwa na KUCCPS, shirika la Kenya linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, nifuate useremala, kazi niipendayo tangu utotoni. Nawashukuru nyote, hasa mlionihimiza nipime kipaji changu mbele ya wateja.

Sasa ni mwanagenzi kwa fundi wa samani kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, ambako nimeona kwamba kuunganisha mbao ni sehemu ndogo tu ya kazi: kukadiria gharama, kukataa mbao mbichi ambazo zitapinda zikikauka, na kumkabidhi mteja kiti siku iliyoahidiwa, ndiko kunakomweka fundi sokoni. Baba, aliyepinga vikali, amekubali kwa sharti kwamba nifanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, nianzie daraja la 3. Naliona sharti la haki.