Kirusi cha shotikati hakitoki kwenye kompyuta ya nyumbani: nipige Windows upya, ninunue antivirusi, au kuna njia nyingine?

MamaWawili
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hapa nyumbani hakukaliki. Tuna kompyuta moja ya mezani, Windows 10, na tunaitumia wote: binti yuko kidato cha nne, mdogo wake anacheza gemu, baba yao anaweka hesabu za kikundi. Wiki ya tatu sasa, kila flashi tukiichomeka mafolda yanageuka shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato tu. Folda la binti la "Mitihani" lina kamshale kadogo chini pembeni, na ukubwa linaonyesha KB 2 wakati ndani kuna mitihani ya miaka minne. Ukilibofya linafunguka, ila kabla halijafunguka kidirisha cheusi kinapita kama umeme. Antivirusi iliyokuja na Windows inapiga kelele, inafuta, na mafolda yanapotea kabisa. Ukichomeka flashi nyingine, yale yale.

Fundi wa mtaani kaangalia dakika mbili, akasema atapiga Windows upya kwa 30,000 na kufuta diski yote, C yenye Windows na D yenye mafaili yetu. D ndiyo yenye picha za marehemu baba yangu, na nakala sina. Jirani ananiambia ninunue antivirusi ya kulipia. Lipi lina nafuu? Nawasilisha.

FundiKiraka
Pole sana dada. Mtu yeyote asiguse D kabla picha hazijahamishwa. Hilo halina mjadala.

Mimi ni mtu wa kupiga Windows, sifichi. Kuna virusi kama Sality vinavyojipachika ndani ya faili za programu zenyewe, zile za .exe. Ukikutana navyo, kusafisha faili moja moja ni kazi isiyoisha, na hata ukimaliza huna uhakika. Ukipiga upya unafuta C peke yake, D inabaki. Ila muulize huyo fundi flashi yake ya Windows kaipata wapi. Windows iliyochakachuliwa huja na wageni wake, ukalipa 30,000 kununua kirusi kipya. Pakua kutoka kwa Microsoft wenyewe, kwenye kompyuta safi, uiweke kwenye flashi tupu ya GB 8. Andaa bando la kutosha, maana inakula GB kadhaa.

MwalimuTEHAMA
Mkuu Kiraka, kwa dalili alizotoa dada hiyo siyo Sality. Hicho ni kirusi cha skripti, yaani amri zilizoandikwa kwenye faili, mara nyingi ya .vbs, inayoendeshwa na wscript.exe, programu ya Windows yenyewe. Mafolda yake hayajafutwa hata moja, yamefichwa tu. Antivirusi inafuta zile shotikati, basi unaona flashi tupu unadhani kila kitu kimekwenda. Shuleni kwetu nimeshaona walimu wanaformati flashi zenye maksi za muhula mzima kwa kutojua hilo.

Dada, fungua Task Manager (orodha ya programu zinazoendeshwa), tafuta wscript.exe, izime. Usipoizima kwanza, utafuta na yenyewe itaandika tena papo hapo. Kisha fungua dirisha la amri, na kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatarudi. Angalia sana herufi ya diski: amri hii usiiendeshe kwenye C, huko kuna faili za mfumo zilizofichwa kwa sababu.

Pwani_Net
Mwalimu kasema kweli kuhusu flashi, lakini chanzo kiko kwenye C, na swali langu ni kwa nini antivirusi inaona cha kwenye flashi na haioni cha kwenye C. Dada, fungua Windows Security, nenda kwenye mipangilio ya kinga, shuka hadi chini kabisa palipoandikwa Exclusions. Hiyo ni orodha ya sehemu zilizoruhusiwa kupita bila kukaguliwa. Tuambie umekuta nini. Ukishaifuta, endesha Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka, halafu inakagua kabla Windows haijaamka, kwa hiyo kirusi hakipati nafasi ya kujitetea. Ni kama robo saa. Ya kulipia usinunue kwanza. Antivirusi ya Malwarebytes ya bure inakagua na kufuta, inatosha kwa kuhakikisha mara ya pili.

FundiKiraka
Hiyo ya Exclusions nakubali, mimi mwenyewe huwa siikumbuki. Ajaribu. Ikirudi baada ya hapo, apige upya. Na picha azihamishe kwa kuwasha kompyuta na flashi ya Linux (mfumo mwingine usio Windows), kama Linux Mint bila kuiinstoli. Kirusi cha Windows hakiamki humo.

MamaWawili
Wakuu, Mungu awabariki. Kwenye Exclusions nimekuta C:\ nzima. Nimemwita mdogo, kaniambia gemu alilolipakua lilimwelekeza azime kinga kwanza ndipo liingie. Sikumpiga, nimekaa naye tukalifuta pamoja. Ukaguzi ulipoisha ulikuwa umekamata faili ya .vbs ndani ya AppData, folda lililofichwa la programu huko C. Ile amri ya attrib niliiandika herufi kwa herufi, mikono inatetemeka, na "Mitihani" ikarudi yote. Binti alilia.

Picha za baba nimezihamishia kwenye diski ya nje kwa njia ya Linux, 412.

Lakini leo flashi ya binti imerudi na shotikati tena. Kompyuta ni safi, nimeikagua mara mbili.

MwalimuTEHAMA
Alikwenda kuprinti wapi?

MamaWawili
Stesheneri ya karibu na shule.

MwalimuTEHAMA
Basi ndiko huko. Kompyuta ile inachomekwa flashi za mtaa mzima. Yarudishe mafolda ya flashi kwa amri ile ile, futa zile shotikati na faili ya .vbs ukiiona humo, na kuanzia sasa kazi za kuprinti aitumie stesheneri kwa WhatsApp, ikiwa PDF. Flashi ibaki nyumbani.

Pwani_Net
Na nywila za barua pepe badilisheni zote, ya baba yao pia, kwa kutumia simu. Faili ile ilikuwa inaendeshwa kwa wiki tatu, hatujui ilisoma nini.

MamaWawili
Tumebadilisha jioni hii. Yule wa stesheneri nimempelekea ile amri kwenye karatasi.