Wenye magari ya zamani, mnaunganishaje iPod au plea ya MP3 kwenye redio ya gari? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Hii mada huwa inaulizwa sana halafu majibu yanakuwa mafupi, weka redio mpya basi yameisha, wakati kuna watu tunaipenda redio iliyokuja na gari, imekaa vizuri kwenye dashibodi, taa zake zinaendana na gari zima na hatutaki kuing'oa. Mimi yangu ni redio na tepu tu, hakuna AUX (tundu la kuingizia sauti kwa waya) wala USB, na nyimbo zangu zote ziko kwenye iPod ya zamani ile ya pini 30.

Natumia kaseti ya waya. Kwa asiyeijua, ni kaseti isiyo na mkanda ndani, ina waya mwembamba unatokea pembeni wenye jeki ya 3.5 mm, unachomeka kwenye plea. Ndani kuna hedi ndogo inayotazamana na hedi ya tepu (ile sehemu inayosoma mkanda), sauti inavuka kwa sumaku. Nasema bila kuficha, kwa sauti inaiacha mbali transmita ya FM, kile kidude kinachorusha muziki wa plea hewani ili redio iudake kama stesheni.

Ila uitunze. Safisha hedi ya tepu kwa pamba na spiriti, maana uchafu wa miaka ndio unafanya muziki usikike kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Zima Dolby kama redio yako inayo, ile kazi yake ni kupunguza mchakaricho wa mkanda na hapa mkanda hakuna, itakula sauti za juu bure. Volyumu ya plea weka kama robo tatu halafu ongeza kwenye redio, ukiiweka chini sana redio inakuza mpaka makelele, ukiijaza yote besi inapasuka.

Haya leteni yenu, na mseme redio yenyewe ni ya aina gani ili mtu ajipime na yake.

*

Mkuu umenigusa, kaseti ya waya ndiyo maisha. Naongezea kwa wale ambao tepu inaitema kaseti kila wakiiweka. Tepu nyingi za gari zinageuza upande zenyewe, zinaangalia kama zile gurudumu mbili za kaseti zinazunguka, zikiona hazizunguki zinajua mkanda umeisha, zinageuza au zinatema kabisa. Kaseti nzuri ina gia ndani za kuidanganya tepu. Sasa hizo gia ndizo zinazopiga kelele za tik tik tik na kuna watu wanashauri uzitoe, sawa kelele zitaisha lakini kama tepu yako ni ya kuhisi mzunguko ndio hutasikiliza kitu. Kwangu nilitafuta kaseti nyingine yenye gia laini na imetulia. Na ikiingia ukasikia kimya usikate tamaa, bonyeza kitufe cha kugeuza upande kwanza, hedi inaweza kuwa inasoma upande usio na kitu.

*

Mimi redio yangu haina hata tepu, CD tu, kwa hiyo nilianza na transmita ya FM ya kuchomeka kwenye tundu la laita. Gari langu liliundwa kwa ajili ya soko la Japani na redio zake za zamani zinashika 76 mpaka 90 MHz, transmita nyingi zinarusha 87.5 mpaka 108, kwa hiyo hapo mnakutana kwenye kakipande kadogo tu ka 87.5 hadi 90 na kama hapo pana stesheni kubwa umekwama. Suluhisho lililonifaa ni kile kiboksi cha kuongeza masafa, kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kinashusha masafa, changu kinashusha 20 kwa hiyo transmita nikiiweka 98 kwenye redio naisoma 78. Wengi wanalaumu transmita kumbe redio yenyewe haifiki huko juu!

Jambo jingine, chagua mahali penye mchakaricho mtupu na majirani zake pande zote mbili pia pawe patupu. Safari ndefu utabadilisha njiani, hilo halikwepeki, mnapokwenda mnakuta stesheni nyingine. Na antena ikiwa kwenye kioo cha nyuma transmita iko mbele, mawimbi yanafika yamechoka.

*

^^ Kama una fundi anayeweza kufika nyuma ya redio achana na ya hewani, weka modyuleta ya FM ya waya. Inaunganishwa kwenye waya wa antena moja kwa moja, nyingi ukiiwasha inakata antena kabisa kwa hiyo hakuna stesheni ya kukuingilia. Bado ni FM, ubora una mwisho wake, ila utulivu wake sio wa kulinganisha.

*

Mimi nina AUX, shida yangu ilikuwa ule mlio wa wiiiii unaopanda ukikanyaga mafuta. Plea ikitumia betri yake kimya, nikichomeka chaja kwenye laita unaanza. Sababu ni athi, plea inapata athi kwenye chaja na inapata tena kwenye waya wa AUX, kelele za oltaneta zinapita humo. Dawa ni aizoleta, kidude kidogo kinachokaa katikati ya waya wa AUX, ndani kina transfoma mbili, ya kushoto na ya kulia, sauti inapita bila athi kugusana. Zile dhaifu zinapunguza besi, ijaribu kabla hujaificha kwenye dashibodi. Ndiyo maana wenzetu wa kaseti hawasumbuliwi sana na huu mlio, pale sauti inavuka kwa sumaku tu.

Na mtoa mada, hiyo iPod ya pini 30 inatoa sauti ya "line out" pale chini, yaani sauti ambayo haijapita kwenye volyumu, tafuta waya wa pini 30 kwenda 3.5 mm. Ni safi kuliko tundu la hedifoni. Kama utakuta kiti cha iPod cha zamani cha gari, angalia kinachaji vipi, vile vya mwanzo vinatoa volti 12 za FireWire (njia ya zamani ya kuunganisha na kuchaji) na iPod nano na touch za 2008 kuja juu hazichaji humo, muziki utapiga ila betri itaisha.

*

Kabla ya yote chungulieni nyuma ya redio wakuu. Redio nyingi zisizo na AUX zina soketi ya CD cheinja, kile kiboksi cha kwenye buti kinachobadilisha CD zenyewe, na kuna adapta za kuingiza sauti hapo. Redio nyingine haifungui mlango huo mpaka ione cheinja kweli, kwa hiyo chukua adapta inayojifanya cheinja na iendane na redio yako hasa, sio gari tu. Mimi hii ndiyo nilimaliza nayo, sauti ni ile ile ya CD.

Ila kabla hujachomoa betri au redio hakikisha una kodi yake ya usalama, yaani namba ya siri ambayo redio huiomba ikishakatiwa umeme. Kwangu ilikuwa imeandikwa kwenye kikadi ndani ya kitabu cha gari, kwa wengine iko kwenye stika ya redio yenyewe, piga picha kabisa.