Mrejesho: printa ya steshenari sasa inaonekana kwenye Windows zote

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuifanya kompyuta ya Ubuntu (aina ya Linux) yenye printa, kwenye steshenari yetu hapa Nyegezi, ionekane na laptopu za Windows, maana tulichoka kuhamisha kazi za wanachuo kwa flashi zilizojaa virusi.

Imekubali, kwa programu ya Samba. Inaongea SMB, itifaki ileile ambayo Windows hutumia kushirikisha folda na printa, hivyo upande wa Windows nimeweka draiva ya printa tu. Na ni ya bure tangu Andrew Tridgell aitoe 1992 kule Australia.

Kilichonisumbua ni Windows 11 Pro. Windows 10 ya kaunta iliingia kama mgeni, yaani bila nenosiri, bila maswali. Hii 11, toleo la 24H2, ikagoma, kwani kuingia kama mgeni kumezimwa. Mdau aliyesema nitumie smbpasswd -a, amri ya kumwongeza mtumiaji kwenye Samba, alipatia: nimeweka nenosiri, folda ikafunguka palepale. Ila huyo mtumiaji awepo kwanza kwenye Linux yenyewe, la sivyo amri inakataa.

Kuna aliyenishauri niwashe SMB1, toleo la zamani la SMB, kwa ajili ya ile Windows XP ya mzee. Hapana aisee, huo ndio mlango ambao kirusi cha WannaCry kilipitia 2017. XP ibaki na mchezo wake wa karata.

Kimebaki kitu kimoja: umeme ukikatika, ruta huipa Ubuntu anwani nyingine ya IP. Jioni nikifunga duka naifanya iwe ya kudumu.