Madevelopa, acheni kuandika MIT kwenye pakeji ambazo hamjazikagua!

Wakuu, hili jambo limezidi. Mtu anaokota faili za watu, anazifunga pamoja, akifika kwenye sehemu ya leseni anaandika MIT (leseni huru inayoruhusu karibu kila matumizi) na kupakia. RubyGems, npm na PyPI (maghala ya pakeji za Ruby, JavaScript na Python) zinapokea alichoandika, hazifungui kuona kama ndicho kilichomo. Halafu tunaojenga juu yake tunaambiwa tuamini tu.

Mmeshasahau mimemagic, Machi 2021? Pakeji ya Ruby ya kutambua aina za faili, nje imeandikwa MIT. Ndani kuna freedesktop.org.xml ya mradi wa shared-mime-info, na maelezo ya mwanzoni mwa faili hiyo yanataja GPL (leseni inayodai anayesambaza kazi iliyotokana nayo aitoe kwa GPL pia). Hayakufichwa! Isitoshe, tables.rb ilizalishwa kutokana na faili hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna wa kusema ilikuwa data ya pembeni tu. Suala lilipoibuliwa, mwenye pakeji akahamia GPL na kuyaondoa matoleo ya zamani. Rails (mfumo wa kujengea tovuti kwa Ruby) ilikuwa inaivuta kupitia pakeji ya Marcel, basi `bundle install` (amri ya kusakinisha pakeji za Ruby) zikagoma kila mahali. Gemfile.lock haikuokoa mtu, maana inashika namba ya toleo, pakeji yenyewe haiihifadhi. Toleo likishaondolewa, limeondoka. Ikabidi Rails itoe 6.1.3.1 kwa haraka, na Marcel ikahamia data ya mradi wa Apache Tika badala ya ile ya shared-mime-info.

Na bado kuna watu wanaitukana Debian (mfumo endeshi wa Linux) eti foleni ya NEW, ya kukagua pakeji mpya, inachelewesha. Pale kuna binadamu anayesoma debian/copyright (faili inayoorodhesha leseni za pakeji) na kuilinganisha na faili zilizomo. Ikipungua, pakeji inarudishwa. Huo ucheleweshaji ndio unaofanya apt (kisakinishi cha pakeji cha Debian) iaminike, na mimi nautetea waziwazi.

Kazi yenyewe wala si kubwa. Fungua tarball (kifurushi cha faili) ile ile unayotoa. Usitegemee alama ya leseni kwenye ukurasa wa GitHub, maana inatokana na faili ya LICENSE, haikagui kila faili. Piga `licensecheck -r --check='.*' .` ili isiruke aina yoyote ya faili, kisha `grep -rniE "copyright|licen[sc]e" .` na usome majibu kwa macho yako. Ingia folda za vendor na third_party, zinazobeba faili za wengine. Angalia fonti, ikoni, na hasa .min.js: zikibanwa, maelezo ya hakimiliki mara nyingi hufutwa, wakati MIT yenyewe inadai yabaki kwenye kila nakala. Hata MIT mnayoikimbilia mnaivunja!

Mnaotumia Ruby, pigeni `bundle cache` muweke nakala kwenye vendor/cache, ili pakeji ikiondolewa usiku kazi isisimame asubuhi.

Na wewe mwenye pakeji iliyobeba faili ya mtu mwingine, ifungue leo. Kama leseni yake haipatani na uliyoandika nje, itoe faili hiyo au utangaze leseni halisi, na uwaambie wanaokutegemea kabla hujagusa toleo lolote la zamani.