Kisigino kimevunjika, hospitali wanasema operesheni mpaka uvimbe ushuke, ni sawa?

mdogo_wa_fundi
Wakuu habari zenu. Bro wangu anapiga bati, Jumatatu kadondoka toka kwenye paa akatua kwa miguu, kisigino cha kulia kimepasuka vipande vipande. Hospitali wamemfunga nusu hogo (plasta ya upande mmoja) wakasema operesheni wiki ijayo au hata ile nyingine, eti mguu umevimba. Mzee kaja juu, anasema tunazungushwa, bora tumpeleke kwa mtu anakanda mifupa. Naombeni uzoefu.

nesi_wa_usiku
Pole sana, ila hamzungushwi. Ngozi ya hapo pembeni ya kisigino ni nyembamba, ikichanwa imevimba kidonda kinafumuka, usaha unafika kwenye vyuma vya kushikia mfupa na hapo ndo balaa. Wengi husubiri siku 7 mpaka 14, ngozi ikianza kurudisha mikunjo ndo anaingia tieta (chumba cha upasuaji). Mguu ukae juu ya mito, malengelenge yakitoka msiyatumbue, sigara aache leo leo. Kukandwa hapana kabisa! Halafu mgongo wamempiga picha? Wanaotua hivyo wengine wanavunjika na pingili za kiuno, watu wanahangaika na mguu tu.

Kobe Mzee
Na si kila kisigino kinachanwa jamani. Waingereza walilinganisha wagonjwa 151, ikatoka kwenye jarida lao la udaktari, BMJ, 2014, baada ya miaka 2 waliopasuliwa na wasiopasuliwa hawakupishana kwa maumivu wala kutembea, na waliopasuliwa ndo walipata matatizo zaidi. Ila waliobonyea umbo vibaya hawakuingizwa kwenye ule utafiti, kwahiyo ulizeni CT (ile picha ya kompyuta) inaonyeshaje joint, yaani maungio ya mfupa, imekaa au imezama.

mama_K
Mi nilipigwa pleti na skrubu, karibu miezi mitatu magongo bila kukanyaga. Vyuma havinisumbui, kinachonisumbua ni njia ya kokoto, mguu haupindi pembeni kama zamani, nikikanyaga jiwe nayumba. Na huo mguu umepanuka, viatu vyangu vya harusini nimempa mdogo wangu 😂 Fizio asikwepe, mi nilikuwa nakwepa mpaka dada wa mazoezi akawa ananifuata kwa simu.

mdogo_wa_fundi
Asanteni sana. Mgongo hawajapiga, nimemuuliza bro anasema kiuno kinamuuma toka juzi alidhani ni godoro la wodini. Namfuata daktari sasa hivi.